Kiswahili kwa Dozi

Kabla ya mafunzo yale, sisi watu wa magonjwa ya akili tulijua kutibu kwa njia mbili: vidonge na mawaidha. Vidonge vilikuwa vikiisha stoo, mawaidha hayakuisha hata siku moja. Mgonjwa hajaketi vizuri, bado anahema kwa kupanda kilima cha Mengo, muuguzi keshamwambia amwombe Mungu, ale vizuri, asamehe, na aache kufikiri sana. Mimi pia nilikuwa hodari wa mawaidha. Niliwahi kumwambia mtu aliyezika watoto wake kwamba yaliyopita si ndwele, naye akanishukuru, maana watu wa mji ule wana adabu.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya elfu mbili. Vita vilikwisha kitambo, tangu themanini na sita, na Kampala watu walikuwa wamejenga, wamezaa, wamefungua maduka. Lakini kliniki yetu ilikuwa na benchi refu la watu ambao kwao vita havijaisha. Walikuja wakilalamika vichwa, migongo na mioyo kwenda mbio. Tuliwapa vya usingizi, tukawapa mawaidha, wakarudi mwezi uliofuata na migongo yao.

Ndipo akaletwa mwalimu. Alikuwa mwanasaikolojia, mama wa makamo kutoka magharibi ya nchi, aliyesoma ng'ambo na kurudi na kitabu cha mwongozo kilichorudufiwa hadi kurasa nyingine zikawa kivuli. Alituambia kwamba kila kidonge tunachotoa kilijaribiwa kwanza, kikalinganishwa na vingine, kikaonekana kinafaa. Basi kwa nini maneno tuyatoe kiholela? Kuna tiba za maneno zilizojaribiwa vivyo hivyo, akasema, na tutajifunza moja, ya watu walioshikwa na hofu ya jambo lililopita. Mgonjwa anasimulia jambo lile tena na tena hadi lipungue makali. Halafu anavikaribia vile anavyoviogopa hatua kwa hatua, cha chini kwanza, cha juu mwisho. Hofu hulishwa na kukimbia, alisema, na kazi yetu ni kukaa na mtu wakati hakimbii.

Sheria yake ya kwanza ilikuwa moja: msishauri. Ulizeni, nyamazeni, ngojeni.

Hakuna sheria iliyotutesa kama hiyo. Tuliigizana ukumbini, mmoja mgonjwa, mwingine mganga, na kinasa sauti katikati, kisha mwalimu akaicheza kaseti mbele ya wote. Kila tulipoteleza na kushauri alibonyeza, mashine ikalia tak, naye akatutazama tu. Muuguzi mmoja mnene, mcheshi, mlokole wa kweli, alikuwa akijifinya paja ili asimwambie mtu aokoke. Wakati wa chai, juu ya sambusa na ndizi mbivu, tulishauriana hadi tukashiba, kufidia ya asubuhi.

Mimi nilichaguliwa kwenda mafunzoni kwa sababu mkubwa wangu aliniona mtulivu. Alichokiita utulivu kilikuwa ganzi. Sijui ilianza lini. Mama yangu alipozikwa nililia kwa adabu, kwa sababu watu walikuwa wakinitazama. Watoto wangu walipozaliwa nilifurahi kama mtu anayesoma habari njema ya mtu mwingine. Wagonjwa waliniambia mambo ambayo muuguzi mlokole angetoka nje kuyalilia, nami nilitikisa kichwa na kuwaza chakula cha mchana. Wenzangu walisema nina moyo mgumu, wakidhani wananisifu.

Kila mwanafunzi alipewa mgonjwa mmoja wa kumtibu mwanzo hadi mwisho, mwalimu akisikiliza kaseti. Wangu alikuwa mama wa zaidi ya miaka hamsini, Muganda, aliyetoka vijiji vya upande wa Luweero, kule ambako vita vya miaka ya themanini vilipiganwa. Alikuwa mwembamba, msafi, gomesi yake, vazi la akina mama wa Kiganda, imepigwa pasi hata mshipi. Habari yake, kama alivyotusimulia, ilikuwa fupi. Askari walikuja, wakavunja mlango, wakamchukua mume wake. Yeye akakimbilia kinamasini, akakaa kwenye mafunjo, maji yakimfika shingoni, hadi walipoondoka. Mume hakurudi.

Tangu siku ile hakuweza kustahimili kubishiwa mlango. Aliishi na binti yake katika chumba kimoja cha kupanga karibu na Kabalagala, na binti alikuwa mpishi kwenye hoteli ya pale. Mama hakuweza kukaa bila komeo. Binti aliporudi jioni na kugonga, mama aliingia chini ya kitanda, na huko hakusikia binti akijitaja kwa jina lake, wala la ukoo, wala akilia. Mara nyingi binti alilala kwa majirani. Hatimaye akachoka, akasema Krismasi ikipita atamrudisha mama yake kijijini, kwenye nyumba yao ya zamani, ambayo shemeji alikuwa ameiezeka upya. Nyumba ile ile. Basi jambo lilikuwa hilo: ama ajifunze kumfungulia binti yake mlango, ama arudishwe akalale nyuma ya mlango ule.

Tulizungumza Kiganda. Kiganda changu ni kizuri, nimezaliwa mjini, na usoni huwezi kunijua. Mimi ni Mnubi. Babu wa babu yangu aliletwa na Waingereza kutoka Sudani na bunduki begani, na tangu hapo mtu akisema Mnubi watu husikia askari, ingawa wengi wetu tumekuwa wachinjaji, madereva na wauza nguo, hatujashika hata panga. Serikali ya miaka ya sabini ilipoanguka tulifukuzwa kama mbwa, nikakulia ukimbizini, nikarudi baada ya themanini na sita. Nyumbani kwetu ni Kinubi na Kiswahili, vimechanganyika hata mwenyewe hujui umemaliza sentensi kwa kipi. Kwa Kiswahili nilijifunza utani na mpira, na kwa Kiswahili nilimchumbia mke wangu, mtu wa Busia. Lakini kwa Waganda wa umri wa mama yule, Kiswahili ni lugha ya askari na wezi. Waliisikia kwenye vizuizi vya barabarani, na usiku.

Asubuhi moja nilikuwa nimesimama koridoni nikizungumza na mteja wangu mwingine, mkimbizi wa Kikongo aliyekuja kuchukua dawa. Tulikuwa tunacheka jambo fulani, kwa Kiswahili. Mama yule alikuwa benchini akingoja zamu yake. Niliona benchi limekuwa jepesi tu, na mlinzi wa getini akaniambia mgonjwa wako ametoka mbio, kiatu kimoja amekiacha.

Binti yake alimrudisha wiki iliyofuata. Aliketi akiutazama mlango, si mimi, akauliza, "Musawo, wewe ni nani hasa?" Hivyo ndivyo wanavyotuita, musawo, yeyote anayetibu. Nikamwambia ukweli, mimi Mnubi, hiyo ndiyo lugha ya kwetu. Kisha akasema hanichukii, na anajua mimi nilikuwa mtoto wakati ule. "Si mimi ninayekuogopa," alisema. "Ni ngozi."

Nilitaka nimhamishie kwa muuguzi mlokole, Muganda mwenzake, tumalize. Mwalimu akakataa. Alisema nikimhamisha nitakuwa nimemsaidia kukimbia. Halafu akasema jambo ambalo lingemuudhi mtu mwenye hisia zake timamu: kwamba nina bahati, kitu anachokiogopa mgonjwa ninacho mdomoni, sihitaji kukitafuta. Tumweleze, tumwombe ridhaa, tumpe kidogo kidogo. Tukamweleza. Mama akafikiri, akafunga na kufungua mshipi, akasema kama dawa ni chungu basi asimeze chupa nzima siku moja.

Ndivyo nilivyoanza kutoa Kiswahili kwa dozi.

Mwongozo ulisema hofu ipimwe kwa namba, sifuri hadi mia. Namba hazikumwingia. Aliipima kwa maji ya kinamasini: yamefika vifundoni, magotini, kiunoni, kifuani, shingoni. Siku ya kwanza nilimwambia "habari ya leo" tu, mara nyingi, kwa sauti ya kawaida, na maji yakaruka hadi kifuani, viganja vyake vikalowa jasho. Tulikaa. Sikushauri. Baada ya muda maji yakashuka kiunoni, kisha magotini, na ikatosha kwa siku ile. Siku nyingine nikamtajia bei za nyanya. Nyingine nikamweleza mke wangu anavyopika maharage kwa karanga. Nilikuwa naiona lugha niliyobembelezewa ikimtoa mwanamke mzima jasho, na sikuhisi kitu. Nilijiambia tu kwamba inafanya kazi.

Nayo ilifanya kazi. Mvua za Oktoba zilipokolea alikuwa anaweza kunisikiliza kwa Kiswahili saa nzima amefumba macho, na hadithi yake aliisimulia kwa Kiganda, kila mara vile vile, mlango ukivunjwa, mume akichukuliwa, maji yakifika shingoni. Siku moja alinitania. "Kumbe ina maneno ya vyakula," alisema. "Nilidhani ni ya amri tu."

Ilibaki hatua ya juu kabisa. Nilitakiwa kusimama nje ya mlango uliofungwa, nibishe, na kusema kama askari wale walivyosema: fungua mlango. Kubisha bila maneno alikustahimili. Ilipofika zamu ya maneno, mimi ndiye niliyeshindwa. Kaseti ilipochezwa, mwalimu alisikia mtu anayebisha kwa upole na kusema, "Tafadhali, mama, fungua mlango." Akabonyeza mashine. Hiyo ni hodi, alisema, si amri. Wenzangu walicheka, lakini walipojaribu wao walifanya kama mimi. Hakuna aliyelelewa vizuri Kampala anayeweza kumwamuru mama wa watu bila kumsalimu kwanza, na nusu yetu tulitaka kumuuliza ameamkaje kabla ya kumtisha. Kitabu hakikuwa na ukurasa wa tatizo hilo.

Tulifanya mazoezi ya ukali. Muuguzi mlokole alipiga teke mlango wa ukumbi na kunguruma hadi mpishi akaja kuuliza kuna nini. Nikaipeleka ngurumo ile kliniki. Nikagonga kwa ngumi, nikapaza sauti, na ndani nikamsikia mama akiongea na mwalimu kwa utulivu. Nilipoingia alikuwa ameketi mikono mapajani, mkavu, maji hata vifundoni hayajafika. Alinitazama kwa huruma. Alisema tunaigiza, na tunaigiza vibaya. Wale hawakupiga kelele. Mwalimu akamuuliza, walisemaje basi? Akafungua kinywa, midomo ikacheza, akakifunga. Akasema yule aliyegonga alisema kama mtu anayeishi humo, na zaidi ya hapo hakuweza.

Jioni hizo, binti akigonga, bado aliingia chini ya kitanda. Madukani walikuwa wameanza kupiga nyimbo za Krismasi.

Baba yangu alikuwa akiishi nasi, chini ya kilima cha Mbuya, mahali ambapo tarumbeta ya jeshi inasikika, naye alirekebisha saa yake kwa tarumbeta hiyo ingawa hakuwa na pa kwenda. Alikuwa mzee mpole. Katika miaka ya sabini alikuwa jeshini, na tangu utoto wetu tulijua alikuwa dereva: aliendesha lori, alibeba unga na maharage. Hivyo ndivyo alivyosema kila mara, nasi tulisema vivyo hivyo shuleni, ukimbizini, na kwa yeyote aliyeuliza. Ukimbizini ndiye aliyekuwa akiadhini, kwa sababu alikuwa na sauti nzuri. Watu waliacha mazungumzo kuisikiliza.

Jumapili moja alasiri tulikuwa barazani, yeye akibambua karanga kwenye ungo. Mke wangu alikuwa ndani anamwogesha mtoto, amefunga mlango kuzuia upepo. Nikamwambia baba kwamba kazini kuna mama mmoja anayeogopa mlango, na nikamuuliza zamani askari walikuwa wakisemaje wakifika mlangoni kwa mtu. Naapa niliuliza kama ninavyouliza fundi bei ya bawaba. Nilidhani amewahi kusikia kwa wenzake.

"Mimi nilikuwa dereva," alisema.

Nikamwambia najua. Akabambua karanga kidogo. Kisha akauweka ungo chini, akapangusa viganja kwenye kanzu, akainuka kwa kushika ukuta, akaenda hadi mlango wangu. Hakupiga. Aligusa kwa kifundo cha kidole, mara mbili, kama mtu asiyetaka kuamsha watoto. Akaegemeza kichwa karibu na mbao.

"Mama," alisema, kwa sauti ile ya adhana iliyoteremshwa chini. "Mama, fungua mulango. Ni sisi tu."

Komeo lilisogea kabla hajamaliza. Mke wangu alisimama na povu mikononi, akauliza anahitaji nini. Baba akamwambia hakuna kitu, mwanangu, nilitaka kuona mutoto. Mlango ukafungwa, akarudi akaketi.

"Wewe ukipiga kelele, watu nakimbia na dirisha," akaniambia. "Ukisema pole pole, nafungua wenyewe."

Nikamkumbusha kwamba alikuwa dereva.

"Ndio. Dereva ndio anagonga. Hawa wengine nakaa kwa gari. Walikuwa natuma mimi, kwa sababu sauti yangu ni muzuri."

Akaurudisha ungo mapajani. Sikuuliza milango ilikuwa mingapi. Sikuuliza nani alikuwa ndani, wala unga na maharage yalikuwa wapi siku hizo. Nilikuwa nimefundishwa kuuliza, na kunyamaza, na kungoja, na nilichagua kunyamaza. Niliyatazama maganda ya karanga yaliyomwangukia miguuni. Ndani yangu hapakuwa na kitu, na nakumbuka nilishangaa kidogo kwamba hata hapo hapakuwa na kitu.

Ijumaa nikamwambia mwalimu nimepata namna nyingine ya kusema, sikumwambia nimeipata wapi. Aliketi ndani na mama, mimi nikatoka koridoni, mlango ukafungwa, komeo likatiwa. Wagonjwa wa benchini walinitazama. Niligusa mlango kwa kifundo cha kidole. Nikaegemeza kichwa, nikateremsha sauti, na iliyotoka haikuwa yangu. Sikuwa najua kwamba ninayo.

"Mama. Mama, fungua mlango. Ni sisi tu."

Kiti kikaanguka. Baadaye mwalimu aliniambia mama aliruka akajibana kwenye ukuta wa nyuma, na macho yake yakawa ya mtu mwingine. Mwalimu hakusema kitu, alikaa naye tu. Mimi nilisimama nje, paji la uso kwenye mbao. Sijui ni muda gani. Kisha nikasikia kandambili zikija polepole, na komeo likatoka.

Alisimama mbele yangu, jasho limepasua poda usoni. Akaniuliza kwa Kiganda, chini chini, "Nani amekuambia?"

Sikumwelewa. Akarudia, na hapo ndipo niliposikia alichokuwa akiuliza. Katika kusimulia kwake kote, miezi yote ile, mlango ulivunjwa. Hakuwahi kutuambia maneno mengine zaidi ya fungua mlango. Hakuwahi kutuambia kuhusu "ni sisi tu".

"Hawakuvunja," alisema. "Nilifungua mimi. Alisema mama, ni sisi tu, kwa Kiswahili, lakini kwa upole, nikadhani ni mtu wa kijijini aliyejifunza lugha ile. Mume wangu alikuwa nyuma yangu. Aliniambia nisifungue. Nami nikafungua."

Mawaidha yote niliyoyajua yalinijaa mdomoni. Si kosa lako, Mungu anajua, yaliyopita si ndwele. Niliyameza moja moja. Mwalimu alikuwa amesimama nyuma yake, na yeye pia alikuwa ameyameza.

"Nani amekuambia maneno yale?" akauliza mara ya tatu.

Ningeweza kusema yamo kitabuni. Angeniamini, tulikuwa tunasema kila kitu kimo kitabuni.

"Baba yangu."

Alinitazama. "Alikuwa kwetu?"

"Hapana. Miaka ya kabla. Kwingine."

"Bado yu hai?"

"Yu hai."

Alifikiri. Akauvuta mshipi wa gomesi ukanyooka. Mwalimu alikuwa anatazama sakafu. Mama akageuka, akainua kiti kilichoanguka, akaketi, mikono mapajani.

"Basi funga mlango," alisema. "Sema tena."

Nikafunga, nikasema tena. Nikasema asubuhi yote, kwa sauti ya baba yangu, na kila mara aliinuka na kufungua, na kila mara alituambia maji yalipofika: shingoni, shingoni, kifuani, kiunoni. Karibu na adhuhuri alipiga miayo akifungua. Mwalimu hakuwa mtu wa kuonyesha furaha, lakini kwa miayo ile alitabasamu, kwa sababu mtu hapigi miayo mbele ya kitu kinachomtisha. Mama akauliza kama tumemaliza, anataka kupitia sokoni kununua mkaa.

Tangu siku ile alisimulia hadithi yake upya, akiwa na mkono wake kwenye komeo na mume wake nyuma. Ilikuwa ngumu kuliko ya kwanza. Sehemu nyingine siwezi kuziandika, ni zake. Wiki moja kabla ya Krismasi binti yake alikuja kliniki, bado amevaa aproni ya hoteli, kutuambia amegonga, mama ameuliza ni nani, akangoja, akafungua. Jana na juzi pia. Si kila jioni, alisema, lakini hajalala tena kwa majirani. Habari ya kumhamishia kijijini ikaisha. Walikwenda sikukuu pamoja, wakarudi pamoja.

Mwalimu aliomba ruhusa ya mama, akaitumia kaseti ya Ijumaa ile kufundishia madarasa yaliyofuata. Huibonyeza mahali ambapo mimi sisemi kitu, awaonyeshe kunyamaza kunavyofanywa. Nimeambiwa wanafunzi huandika. Kwetu kliniki, mwaka haukuisha wenzangu wengi wakawa wamerudia mawaidha, kwa sababu benchi ni refu na mawaidha ni mafupi. Siwalaumu. Mimi niliendelea.

Jioni ya siku ile aliyokuja binti, nilirudi nyumbani kabla ya magharibi. Baba alikuwa ukumbini kwenye mkeka, anangoja maji ya kutawadha, maana magoti hayakumruhusu tena kuinamia bomba. Hatukuwa tumezungumza lile jambo tangu karanga. Nilipokuja na birika akaniangalia.

"Ule mama yako ya mulango," akauliza, "alifungua?"

"Alifungua."

Akatikisa kichwa, akaridhika, kama fundi aliyeazimisha msumeno na kuambiwa umekata vizuri. Akanyoosha viganja. Nikammiminia maji mkono wa kulia, na hapo, nikitazama viganja vile vya mzee vikisuguana, nikahisi kitu, kwa mara ya kwanza kwa miaka mingi. Nilimchukia. Nilimchukia waziwazi, kwa mwili mzima, hata nikayamwaga maji kwenye mkeka. Nilikuwa nimewangoja watoto wangu waniletee hisia, na mke wangu, na kaburi la mama yangu, na iliyokuja kwanza ilikuwa hii. Sikuacha kumimina. Nikamaliza mkono wa kushoto, uso, miguu, kidole kwa kidole, maana hana mtu mwingine wa kumtawadhisha.

Baba alidhani nimechoka na kazi. Akanishika kifundo cha mkono kwa mkono wake uliolowa, akaniombea dua ndefu, kwa sauti ile, nami nikaitikia amina.